Mjapani wa Betri Dhaifu

Enzi zetu betri haikufa siku moja. Iliugua kwanza, ikaanikwa juani, ikang'atwa kidogo pembeni, ikarudi kazini. Mtoto wa leo simu ikibaki na chaji robo anahangaika utadhani kuna mgonjwa ndani. Sisi pale Mwembesongo tulikuwa na zamu ya kuzilinda betri zisipekuliwe na kuku. Mama alikuwa akisema, “Kuku akiharibu betri za baba yenu, mtamweleza wenyewe.”

Baba alipiga gitaa kwenye bendi ya kiwanda. Bidhaa za nje zilipoanza kumwagika madukani, alinunua redio kaseti iliyotumika, kutoka Japani, akakuta ndani kaseti imesahauliwa. Lilikuwa gitaa moja, taratibu mno, limezungukwa na milio ambayo mama alisema ni ya mtu anayehangaika na bomba la maji. Baba aliipenda mpaka akawa anasahau chakula.

Mjapani mmoja aliyekuwa akifundisha kilimo cha mpunga alikuja kutusomea karatasi ya kaseti ile. Wimbo wenyewe hakuusikia, maana siku hiyo betri zilikuwa juani. Alisema mpigaji alianza na jazi, akasifiwa sana. Kisha akaunganisha gitaa lake na mashine alizozibuni mwenyewe, wenzake wakamcheka, kumbi zikamkataa. Hakuacha. Miaka ikapita, waliomcheka wakaenda kumwomba awafundishe. Baba aliomba sehemu hiyo isomwe tena.

Alikuwa na sababu. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na tajiri mpya alikuwa amenunua kinanda chenye ngoma ndani yake. Alitaka kuisikiliza bendi mara moja ndipo aamue kama inabaki. Baba hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Akafumua redio mbovu ya jirani, akaunga nyaya kwenye gitaa, na siku ya siku akaupiga wimbo ule kama ulivyo kwenye kaseti, pamoja na bomba la maji. Mimi nililia, na sijui kwa nini.

Tajiri alimpa baba mkono, akamshukuru, akabaki na kinanda chake.

Nje, yule Mjapani, ambaye baba alikuwa amemwalika, alimwendea kwa heshima. “Mzee, wimbo huu kwetu watu wanaucheza. Mwenyewe anaupiga haraka sana.”

Baba alikunja nyaya zake. “Basi ni betri,” akasema.

Alihamia kwa shangazi huko milimani, Uluguru, akalima kabichi hadi mwisho wake. Gitaa alilipiga shambani tu.

Juzi binti yangu aliupata wimbo ule kwenye simu. Kweli ni wa haraka, yeye mwenyewe alianza kutikisa mabega.

“Mama, si ulisema ni wa huzuni?”

Nilimwambia simu yake ina chaji nyingi mno. Akacheka, akaniuliza nataka upi basi, atautafuta, siku hizi kila kitu kipo. Nilitaka ule wa baba. Hakuna aliyeurekodi.