Alifanana na Nani

Mdogo wangu aliponiambia anataka kufanyiwa beibi shawa tena, ile sherehe ya kumkaribisha mtoto kabla hajazaliwa, nilikuwa nakaanga mandazi mlangoni pangu Gatwekera, na nusura nijichome na mafuta. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kwenye tumbo la miezi minane, mwingine ukichomoa mandazi yangu ya kuuza bila aibu hata kidogo.

"Nataka kama ile ya kwanza," akasema. "Kila kitu. Hata rangi zikuwe zile zile."

Rangi zile zilikuwa kijani na nyeupe. Nilijua hivyo kuliko alivyojua yeye.

Niseme mapema kwamba mtoto aliyekuwa tumboni siku hiyo alifika salama, na sasa anatembea na kuvunja vikombe vyangu. Sipendi kumtesa msomaji bure. Habari yangu ni ya yule aliyemtangulia.

Mara ya kwanza tulifanya sherehe kubwa, kwa sababu sote tulikuwa wageni wa mambo hayo. Kwetu, huko ziwani, mtoto hanunuliwi nguo kabla ya kufika. Hata mimba yenyewe haitajwitajwi. Lakini mdogo wangu anasuka nywele katika saloni moja mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na wenzake walikuwa wamefanyiana, kwa hiyo naye akafanyiwa. Tulikula keki, tukacheza, akapewa mfuko mzima wa vinguo. Haukupita muda mrefu akapelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji, na mtoto akatolewa akiwa amekwisha kufa.

Yeye alikuwa bado amelala kwa dawa. Muuguzi akaja na mtoto amefungwa kwenye shuka, akaniuliza kwa upole kama kuna nguo za kumvalisha. Mfuko wa shawa ulikuwa begani mwangu. Basi nikamvalisha. Sweta nyeupe, soksi, na kofia ya kijani iliyokuwa kubwa kidogo, ikamshuka hadi kwenye nyusi. Nikaipandisha kwa kidole ili nimwone vizuri. Nilimtazama muda mrefu, labda kuliko ilivyofaa.

Mama yetu alikuwa amekaa kwenye benchi kando yangu, naye alimtazama. Kisha akanishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie mdogo wako sura yake," akasema. "Akiijua ataitafuta kila mahali."

Mdogo wangu alipoamka, mtoto alikuwa ameshachukuliwa. Wanawake wazima wakamwambia asilie sana, asije akamfungia njia mtoto mwingine. Hakuuliza kitu, nami sikusema kitu. Mama alikuwa na haki, ila alisahau kwamba na mimi nina macho. Tangu siku ile ni mimi niliyeitafuta sura ile kila mahali. Kwenye foleni ya maji naona mtoto mgongoni mwa mamake, kofia imemshuka, na kidole changu kinataka kwenda kuipandisha. Nimewahi kumfuata mwanamke nisiyemjua hadi kwenye reli, kisha nikarudi nyuma nikijionea haya. Usiniulize nilidhani nitaona nini.

Ndiyo maana siku ile ya mandazi nilimjibu kwa ukali. Nikamwambia tumwache mtoto aje kwanza, sherehe itakuja baadaye.

"Dada," akasema, na sasa hakuwa akitafuna. "Huyu sitaki akuje kwa nyumba yenye mwenzake hakuwahi karibishwa. Nikimshika nitakuwa naogopa kumwangalia. We nifanyie tu."

Nikamwongezea mandazi.

Mama alikuwa kwangu wakati huo, amekuja kutoka nyumbani kutibiwa macho. Nilipomweleza alifunga leso yake upya, ishara kwamba amekasirika. "Mnamnunulia nani nguo? Mmeshamwona?" akauliza. "Mimi huko siendi." Nikamwacha, maana mama akishakaza leso ni kazi bure.

Mpangaji mkuu wa mambo alikuwa rafiki wa mdogo wangu wa pale saloni, msichana wa maneno mengi anayeamini kwamba puto linatibu kila ugonjwa. Alinipigia simu asubuhi na mapema. "Niaje sister! Keki iko, tent nimeongea na jamaa fulani, wewe leta tu baluni na hizo vitu za green. Na usiniletee hiyo sura yako ya matanga, sawa?" Nilitaka kumtukana, lakini nikaenda Soko la Toi kama nilivyoagizwa.

Nilinunua baluni, utepe na beseni. Njia ya kutokea ikanipitisha kwenye mitumba ya watoto. Muuzaji alikuwa ndio amefungua bale, akanirushia kijisweta mkononi kabla sijakataa. "Kamera hizo, mathe, zile safi kabisa za bale, ndio zimetoka saa hii. Shika usikie vile ni soft. Mtoto ni boy ama girl?"

"Boy," nikasema.

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Hakuna aliyekuwa amejua mtoto wa tumboni ni mvulana au msichana. Mikono yangu ilikuwa imeshajikunja chini ya kile kisweta kama ya mtu anayempakata mtoto mchanga, na nilipogundua nikakitupa kwenye rundo, nikaondoka mbio nusura niache beseni. Muuzaji akanicheka. Sikumlaumu.

Siku chache kabla ya sherehe nilienda Kawangware kumwomba ruhusa mwenye ploti anakokaa mdogo wangu. Ni bibi mmoja aliyezaliwa hapo hapo, wakati kote kulikuwa mashamba, na bado ana migomba yake nyuma ya vyoo ambayo mpangaji haruhusiwi hata kuiegemea. Sote tunamwita shosho. Alikuwa ndio amerudi kutoka kwa binti yake, alikokaa karibu mwezi mzima.

"Shosho, Jumamosi tunataka kufanya kasherehe ka mtoto hapa kwa ploti," nikamwambia.

Uso wake ukafunguka. "Mungu ni mwema! Huyo msichana amengoja sana. Nitakuja na uji."

Nilidhani ameelewa. Nikashukuru, nikaenda zangu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mama ameshavaa viatu. "Nakuja kukaa tu," akasema. "Siimbi." Tulipofika, mvua ikaanza, tent likavuja kama chujio, na wanawake wote tukajazana katika chumba cha mdogo wangu. Mume wake alikuwa ameondolewa tangu alfajiri, akaenda mjengo, anakofanya kazi ya ujenzi. Mabati yalipata joto la miili yetu, baluni zikaanza kupasuka zenyewe moja moja, na kila mlio sote tuliruka, halafu tukacheka kupita kiasi. Kijani na nyeupe kila mahali. Mdogo wangu alikaa kitandani, mapajani mrundo wa leso na blanketi alizoletewa hadi tumbo halionekani. Mama alichukua kigoda, akaketi mlangoni kabisa, akitazama nje.

Mimi nilikuwa nagawa soda na kujaribu kutotazama vinguo. Rafiki yule wa saloni alianzisha mchezo wa kumpima mama mtoto kiuno kwa tishu, mchezo ambao sijawahi kuuelewa, kisha akauliza mtoto atafanana na nani. Kila mtu akatoa yake. Macho ya mama yake. Vidole vya shangazi. "Lakini hiyo pua ya baba yake ibaki huko mjengo!" mmoja akapiga kelele, na chumba kizima kikaanguka kicheko.

Mdogo wangu alicheka nao. Mvua ilikuwa imekatika kicheko kilipoisha.

"Na yule wa kwanza," akasema, "alifanana na nani?"

Aliyekuwa akitafuna keki aliacha.

"Dada, nakuuliza wewe. Ule mfuko uliporudi, kofia ya kijani haikukuwa ndani. Kuna mtu alimvalisha."

Alikuwa amejua muda wote huo. Nilisimama na chupa ya soda mkononi, nikamtazama mama. Niliona mgongo wake tu. Nikaogopa kwa kweli, kama mtoto anayengoja kuchapwa.

"Alifanana na wewe," mama akasema, bila kugeuka. "Paji la uso lile lile. Siku niliyokuzaa wewe nilisema, huyu atakuwa na hasira maisha yake yote. Na yeye alikuwa amekunja hivyo hivyo." Akavuta pumzi. "Mwambie, wewe uliyemshika."

Basi nikamwambia. Nikamwambia juu ya sweta na soksi. Kwamba kofia ilikuwa kubwa, nikaipandisha. Kwamba alikuwa na nywele nyingi, laini, na sikio moja lilikuwa limejikunja kidogo, nikalinyoosha likakataa. Nilikuwa nalia na sauti yangu ilikuwa imepanda bila mimi kujua. "Alikuwa mvulana," nikasema, karibu kwa kupiga kelele. "Mvulana mkubwa, mzuri sana!"

Hapo vigelegele vikalia nje ya mlango.

Kimoja, kirefu, cha koo la kizee. Kisha cha pili. Nilijua ni nani kabla sijaona, na nikajua nilichokuwa nimekosea kumweleza. Kwao wanawake hubeba uji kwenda kumwona mtoto aliyekwisha kuzaliwa, kama tu kwetu. Angewezaje kufikiria kwamba watu wamekusanyika kwa ajili ya mtoto ambaye hajafika? Amesikia mvulana, na kwao mvulana hupigiwa vigelegele vitano. Cha tatu. Rafiki wa saloni aliinuka kwenda kumnyamazisha, mdogo wangu akamshika nguo akamketisha. Cha nne. Mdogo wangu alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha, anasikiliza. Yule mtoto hakuwahi kupigiwa hata kimoja.

Cha tano kilipoisha, shosho akaingia, mtungi wa uji mkono mmoja, shali mpya ya sufu begani, miguu imejaa matope. Alimpita mama mlangoni. Macho yake si mazuri, na chumba kilikuwa na giza. Akaweka mtungi chini, akajipangusa mikono kwenye sketi.

"Mvulana! Nimesikia nikiwa kwa geti," akasema. "Haya, nipatieni nimwone."

Akanyoosha mikono yote miwili. Ilikaa hapo hewani, imekunjwa vile vile mikono yangu ilivyojikunja kule Toi. Mama aliinuka nusu kutoka kwenye kigoda.

"Amelala, shosho," mdogo wangu akasema.

"Oo. Basi msimwamshe," shosho akanong'ona. Akavua viatu vyake polepole, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwekea mdogo wangu shali mapajani juu ya vile vingine. Mama akaja ndani, akaanza kumimina uji. Tulikunywa, na mpaka jioni ile tulipoagana, hakuna hata mmoja wetu aliyepandisha sauti.