Uso wa Nkuba

Swaumu Hashimu alirithishwa shujaa bila kuambiwa amfanye nini.

Duka lake la stesheneri liko nyuma ya soko la Kasulu. Kwa miaka mingi mwalimu Ndayikunda, mstaafu wa shule ya msingi, alikuwa akishuka kila Ijumaa kutoka Heru Juu na karatasi moja ya katuni, Swaumu anaitoa kopi, na watu wa sokoni wanaigombania. Shujaa wa katuni hiyo aliitwa Nkuba, yaani radi kwa Kiha. Alivaa kinyago cha macho na mgolole unaopepea mgongoni, akiruka kutoka kilima hadi kilima, akiwatia adabu wezi wa ng'ombe na kunyanyua malori yaliyokwama kwenye tope la njia ya Kibondo. Mwalimu ndiye aliyemfundisha Swaumu kuchora, baada ya kumkuta akipaka rangi kibao cha duka na kuona kwamba mkono wake haukutetemeka.

Kisha mapafu ya mwalimu yakachoka. Katika karatasi yake ya mwisho, Nkuba alivua kinyago, akakilaza juu ya jiwe, akapotelea mawinguni. Swaumu alipokwenda kumjulia hali, mwalimu alimshika kiganja.

"Nkuba asiende na mimi," alisema. "Kinyago kipo pale. Kitafutie mtu."

Swaumu alitaka kuuliza mtu wa namna gani, lakini mzee alishikwa na kikohozi, na wiki haikuisha wakamzika.

Msimu mzima wa mvua Swaumu hakuchora. Alipochora, kinyago kiliokotwa na msichana wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu aitwaye Chantal, mwenye nywele za kusuka na miguu ya kutembea mbali. Kila siku ya soko Swaumu aliwaona kina mama wa kambini wakihesabu saa za kurudi kabla kibali cha kutoka kambini hakijaisha, na aliona raha kumchora mmoja wao akipaa bila kumwomba mtu ruhusa. Alimkoza uso kwa mistari myembamba iliyopishana, mpaka ukawa mweusi wa kung'aa.

Athuman, fundi simu wa kibanda cha jirani, alikuja na karatasi mkononi.

"Dada Swaumu, huyu ni nani?"

"Ni Nkuba."

"Nkuba ni mzungu."

Swaumu alizima mashine. "Nani kakwambia?"

"Niambiwe na nani? Tumemwona miaka yote. Uso mweupe."

"Wewe mwenyewe mweusi, Athuman."

"Ndiyo maana." Athuman hakuwa akitania. "Amekuwa mwanamke, sawa. Ametoka kambini, nalo nitalizoea. Lakini mtu kama mimi akipaa, mimi najua ataanguka. Simwamini."

Swaumu alikuwa amejiandaa kujitetea kwa mengine yote, si kwa hilo. Jioni alitandaza karatasi za zamani juu ya kaunta na kumtazama Nkuba wa mwalimu. Uso ulikuwa mweupe, naam, mweupe wa karatasi yenyewe. Akajiuliza kama naye, miaka yote hiyo, alikuwa akimwona mzungu. Hakukumbuka. Hilo lilimsumbua kuliko maneno ya Athuman.

Akamsubiri Félicité, mama wa Kikongo kutoka kambini anayeuza vitenge sokoni, akijua kwamba yeye atafurahi. Félicité alisoma akiwa amesimama, akaikunja karatasi na kumrudishia.

"Umechora muzuri. Lakini miye nilikuwa napenda ule wa mbele, ule wa mwalimu."

"Mama, huyu si mtu wenu?"

"Njo vile, ni wetu kabisa. Ana hema, ana kadi ya mgao, anapanga mustari. Hiyo maisha naijua, naiacha kule nakuja huku. Ule wa mbele hakuwa na kwao. Ukimusoma, unakuwa naye mu mawingu, na hakuna mutu anakuuliza karatasi ya kibali."

Swaumu akaona hana pa kushika. Mmoja hakumtaka Chantal kwa kuwa anafanana naye, mwingine vilevile, na bado hawakuwa wakisema jambo moja. Siku iliyofuata alifunga duka, akapanda bodaboda kwenda Heru Juu kwa mjane wa mwalimu, Bi Uwimana. Alimkuta barazani akichambua maharage kwenye ungo.

"Mama, nina swali la kijinga. Nkuba alikuwa mzungu?"

Bi Uwimana alicheka. "Mzungu wa wapi? Nkuba ni Mpawenimana, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa akivusha watu mto Malagarasi mabegani maji yakijaa. Mweusi kama chungu."

"Mbona uso aliuacha mweupe?"

"Mashine za zamani hizo. Ukikoza kidogo, karatasi inatoka doa tupu. Akauacha hivyohivyo."

Swaumu alishusha pumzi. Alikuwa ameshaanza kupanga atakavyomweleza Athuman, lakini Bi Uwimana hakuwa amemaliza.

"Ila siku nyingine alisema ni padri aliyemfundisha kushika kalamu. Yule alikuwa mzungu kweli. Nikimuuliza ni yupi hasa, anacheka tu."

"Na wewe mama, ulikuwa ukimwona nani?"

"Mimi? Nilimwona yeye mwenyewe, mume wangu. Ile miguu ni yake."

Swaumu alirudi Kasulu na mfuko wa maharage mapajani na akili imevurugika kuliko alivyokwenda. Alipomsimulia Athuman, fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa kwenye simu aliyokuwa akiifungua.

"Mwalimu alimchora," alisema. "Lakini kumwona tulimwona sisi."

Swaumu aliendelea kuchora kwa sababu hakujua namna ya kuacha. Chantal alibaki mweusi. Hema alilifuta, kisha Félicité akauliza mbona msichana hana pa kulala, akalirudisha. Karatasi zilibaki nyingi mwanzoni, halafu zikaanza kupungua, na Athuman, ambaye hakuacha kuchukua yake, akampachika Chantal jina la Kaimu. Kaimu Nkuba. Jina likashika soko zima. Watu wakawa wanafika dukani na kuuliza, "Kaimu wa wiki hii katoka?" Swaumu hakujua kama ni heshima au kejeli, na kila aliyemuuliza alijibu tofauti.

"Kaimu ni nini?" Félicité aliuliza siku moja.

"Ni mtu anayeshika nafasi mpaka mwenyewe apatikane."

Félicité aliipapasa ile karatasi kwa kidole gumba.

"Basi ni siye kabisa," alisema. Safari hii alichukua mbili, moja ya kusoma njiani na moja ya kubandika ukutani kambini.

Swaumu alimtazama akipotea katikati ya vibanda. Hakujua afurahi au aende akamwombe radhi. Mteja alikuwa anangoja na vyeti vyake vya shule, akiomba kopi zisitoke nyeusi. Swaumu akafuta kioo cha mashine kwa ncha ya mtandio, akaanza kazi.