Mashine Iliyopumzika Jumamosi

Mwaka ule nilikuwa nimerudi nyumbani Nyamache na muswada wa riwaya ambao hakuna mchapishaji aliyeutaka, pamoja na uchovu ambao usingizi haukuuondoa. Ndipo mtafiti mmoja wa chuo kikuu, dada wa Pwani wa rika langu, akaja kutafuta shamba tulivu, mbali na barabara. Alichimba shimo kati ya migomba na majani chai ya mama, akatia humo kipima mitetemo, chombo kizito kisichozidi ukubwa wa chungu kidogo, akakiunganisha na betri ya sola. Nikawa mkalimani wake na mlinzi wa shimo.

"Tetemeko likitokea upande wa pili wa dunia," aliniambia, "mawimbi yake hupita katikati kabisa, kwenye kiini cha chuma, yakaibukia hapa chini ya migomba. Yakiwahi au yakichelewa, tunajua yamepita ndani ya nini."

Siku hizo hakuna kilichonigusa, lakini hilo lilinigusa. Alihitaji tetemeko moja kubwa, kutoka upande mmoja tu wa dunia. Asipolipata, shahada yake ya uzamivu ingekwama, na muda aliopewa chuoni ulikuwa unayoyoma.

Mwezi wa tisa alikuja siku ya Jumatatu kusoma rekodi kwa mara ya kwanza, matope hadi magotini, akicheka peke yake. Jumamosi asubuhi ardhi ilikuwa imetikisika visiwani Pasifiki, mahali pale pale alipopangojea. Akaichomeka kompyuta, akachuchumaa kando ya shimo. Kicheko kikakatika.

"Hakuna kitu. Ijumaa jioni inazimika, Jumamosi jioni inawaka." Akarudi nyuma kwenye rekodi wiki moja, kisha nyingine. "Kila wiki!"

Mama alikuwa anakuja na sinia la ndizi mbivu. Mtafiti akasimama.

"Mama, nani anagusa huu waya?"

"Ni mimi," mama akajibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila wasiwasi. "Hapa kwangu hakuna mtu anafanya kazi Sabato. Ng'ombe hafanyi, mgeni hafanyi. Sasa hii mashine yako, nimuache afanye peke yake kama mtumwa?"

"Lakini mama, dunia yenyewe haipumziki!"

"Hiyo ni shida ya dunia."

Mtafiti alicheka, kisha akafunika uso kwa viganja vyenye udongo. Mama akaweka sinia chini, akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani, ni nini kimepotea. Nikamwambia: mwaka mzima wa huyu dada. Akakaa kwenye nyasi zenye umande, na sijawahi kumwona akikaa chini hivyo na kazi zinamngoja.

"Na wewe uliniona nikitoa waya," akaniambia. "Mbona hukusema? Ningempeleka kwa jirani siku ile ile."

Ni kweli nilimwona, Ijumaa ya pili, maji yamechotwa, chakula kimepikwa, jua linazama nyuma ya kilima, naye anainama kwenye betri. Nilijua maana yake. Nilichoka tu kufikiria mabishano ambayo yangefuata, nikageuza uso.

Alasiri tulikifukua chombo. Jirani Mkatoliki alikuwa amekubali, mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kumsihi.

"Na wao hawazimi Jumapili?" mtafiti akauliza kwa sauti iliyokwisha nguvu.

"Hao?" mama akasema. "Hao Jumapili wanauza ng'ombe."

Mama alipotangulia na betri kichwani, mtafiti aliniuliza taratibu yale tuliyosema na mama kwa Ekegusii pale kwenye nyasi. Ningeweza kutafsiri kitu kingine. Nilimtafsiria yote, hadi ile Ijumaa ya pili.

Aliitikia kidogo kwa kichwa, kama mtu anayeandika tarehe. Kisha akachukua jembe mikononi mwangu, akalifukia shimo peke yake.