Vidanji ya Jumamosi

Baba yangu alisahau njia ya kanisani kabla ya kusahau injini. Majina ya wajukuu, namba ya simu yake, siku tuliyomzika mama, vyote vilimtoka kimoja baada ya kingine, lakini ukimwekea spana mkononi alikutajia namba yake bila kuitazama. Kwa hiyo nilipomtoa Kimisagara na kumleta kwangu Kimironko, nilishukuru kwamba mbele ya nyumba yangu kuna kipande cha majani ya pasiparumu, na kwamba stoo kuna mashine ya kukatia majani ambayo hakuna aliyeijali tangu wanangu wahamie makwao. Nilijiambia mzee atapata la kufanya, nami nitapumua.

Nisijifanye mtakatifu. Nilitaka kweli kupumua. Mimi nina hasira za karibu. Nauza vitenge sokoni na wateja wananijua kwa mdomo, na kuulizwa jambo moja mara saba kabla ya chai ya asubuhi kulikuwa kunanimaliza.

Mzee alikuwa fundi wa injini maisha yake yote, kwanza Bujumbura, tulikozaliwa sisi watoto, kisha Kigali, katika gereji ndogo pale Kimisagara. Kiswahili chetu cha nyumbani ni kile cha gerejini, kimechanganyika na Kinyarwanda na Kifaransa cha mafundi. Kumwaga oili ya zamani na kutia mpya, sisi tunaita kufanya vidanji. Jumamosi ya kwanza aliitoa ile mashine stoo, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, kisha akanitazama mimi kama mtu aliyekuta mtoto mchanga hajaogeshwa.

"Hii mashine mnaiua," alisema. "Lini imefanyiwa vidanji?"

"Sijui, Papa."

"Oya, hapana. Lete beseni."

Aliiwasha kwanza kwa dakika chache ili oili ipate joto na iwe nyepesi, akaizima, akachomoa waya wa plagi ili isije ikawaka ghafla na kumkata mtu vidole. Akailaza upande, oili ikashuka kwenye beseni, nyeusi tii. Kabla ya kutia mpya, niliyokwenda kumnunulia, alifanya jambo nililokuwa nimelisahau tangu utotoni: alimimina tone lake moja kidoleni, akalisugua kwa kidole gumba, akalinusa huku amefumba macho. Gerejini alikuwa akiwakamata madereva kwa njia hiyo. Mtu anaapa kwamba oili yake ni ya juzi, mzee anasugua, ananusa, anasema hapana, bwana, hii ina miezi minne, na dereva anatazama chini.

Alitia oili mpya polepole, anapima, anaongeza, anapima tena. Ile nyeusi aliipaka kwenye nguzo za ua ili mchwa wasizile. Kisha akakata majani yote, nusu saa nzima, mgongo umenyooka. Siku ile hakuniuliza swali jingine. Alikula, akasali, akalala.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta amesimama kando ya mashine, spana mkononi.

"Lini imefanyiwa vidanji hii?"

"Papa, wiki iliyopita. Uliifanya wewe mwenyewe."

"Mimi? Oya, si mimi. Labda mtu mwingine."

"Wewe! Hapo hapo uliposimama!" Nilipaza sauti hadi jirani akachungulia. "Kichwa yako iko wapi?"

Siwezi kusema maneno yale yalinitoka kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimechoka, na yalikuwa tayari mdomoni. Baba aliiweka spana chini taratibu, akaipanga sawasawa na zingine, akaenda kukaa chumbani na viatu miguuni. Hakula mchana. Nilipomletea chai aliipokea bila kuinua macho, akasema asante mara mbili. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ananiogopa. Mtu aliyenibeba mgongoni usiku kucha nilipougua malaria, sasa ananiogopa mimi.

Siku hiyo hiyo nikashuka Muhima kununua chupa nyingine ya oili. Duka lenyewe mzee alilijua kuliko mimi. Alinunua vipuri pale tangu enzi za baba wa huyu muuzaji wa sasa. Nikarudi, nikamwambia nimekosea, mashine haijafanyiwa vidanji, njoo. Akatoka chumbani uso umekunjuka. Ikawa desturi yetu: kila Jumamosi anauliza, kila Jumamosi najibu kwamba imepita muda mrefu, naleta chupa na beseni. Wiki ya nne muuzaji akaanza kunitania.

"Mama, uko na malori mangapi?"

"Matano," nilimjibu, "na la sita liko njiani."

Lakini oili aliyokuwa akiimwaga ilikuwa bado na rangi ya asali, na mtu aliyekulia sokoni hawezi kutazama kitu kizima kikipakwa kwenye nguzo. Nikaanza kuichuja kwa kipande cha kitenge, nikairudisha kwenye chupa yake, nikaisugua chupa kwa sabuni mpaka ikang'aa, nikaifunga. Jumamosi nampa. "Mpya, Papa." Naye anaipokea, anaifungua kwa uangalifu, na anafanya kazi yake saa nzima. Hakuna ugomvi, hakuna anayejifungia chumbani. Hata ile desturi ya kunusa alikuwa kama ameiacha. Nilijiona mjanja.

Miezi ikapita hivyo, na nitasema ukweli: ilikuwa miezi mizuri kuliko yote tuliyokaa pamoja tukiwa watu wazima. Siku za umuganda, ile kazi ya mtaa ya kila mwezi, majirani wote wakiwa nje na majembe, alitoka na mashine yake kukata majani ya kando ya barabara. Wakamsifu, "Mzee, uko na nguvu sana!" Naye akawaeleza kwamba siri ni vidanji, na kwamba binti yake hakubali mashine ikose oili. Nilisimama pale na fagio langu nikitabasamu.

Oili ile ilikuwa ikizidi weusi kila wiki, kidogo kidogo, nami nilikuwa nimeacha kuitazama. Jumamosi moja mzee akamimina tone kidoleni. Akalisugua, akalinusa. Akalisugua tena. Alipofumbua macho, yalikuwa macho yake ya gerejini.

"Oili hii imeshafanya kazi."

"Ni mpya, Papa. Nimenunua jana Muhima."

Alinitazama. Nilidhani nimekamatwa, na ndani yangu nilikuwa natamani nikamatwe. Lakini hakunishuku hata kidogo.

"Basi wamekuibia, mwana wanjye," alisema. "Wamekuona mwanamke, wakasema huyu hajui kitu. Mtoto wangu mimi! Nitaenda kuwaambia."

"Achana nao, Papa. Ni kitu kidogo."

"Si kidogo."

Hapo ndipo ningemwambia ukweli. Sentensi moja ingetosha, na pengine angecheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Niliona haya. Nikamwambia tutakwenda pamoja Jumatatu, nikijua vizuri kwamba Jumatatu atakuwa amesahau, nikaingia ndani kufua.

Nilipotoka kuanika nguo, geti lilikuwa wazi. Mashine ilikuwa imelala upande, tupu, waya wa plagi umechomolewa. Chupa haikuwepo, wala koti lake la kanisani. Nilikimbia hadi kona wanapokaa wenye pikipiki, kanga kiunoni, mikono ina povu.

"Mzee mwenye chupa?" akasema mmoja wao. "Mwenzetu amempeleka Muhima. Alisema iko na kesi."

Dukani nilimkuta muuzaji na wateja watatu. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

"Alikuja, mama. Alisema nimemuuzia mtoto wake oili ya zamani. Alisema baba yangu hakuwa hivyo." Akagusa chupa za rafuni. "Nikampa chupa nyingine, akaikataa. Alisema hahitaji chupa, anataka niahidi kwamba ukija nitakuomba msamaha. Nikaahidi. Basi, mama, unisamehe, hata kama kosa silijui."

"Kosa ni langu," nilisema mbele ya wale wateja. "Oili ni mimi niliyeirudisha chupani. Kila wiki. Wewe hujafanya kitu."

Mteja mmoja akajitia anasoma maandishi ya kopo. Nikanunua chupa mpya, nikauliza mzee ameelekea wapi, naye akanionyesha chini, upande wa Kimisagara.

Nikajua basi alikokwenda. Nilimkuta ilipokuwa gereji yake, ambapo siku hizi wanauza milango ya alumini. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, chupa magotini, koti limejaa vumbi, mguu mmoja hauna kiatu. Ilikuwa saa tisa alasiri na alikuwa hajala tangu asubuhi. Nilipiga magoti mbele yake, na maneno yote niliyoyapanga njiani yalikuwa tayari: Papa, ni mimi, hakuna aliyeniibia, twende nyumbani.

Alinitazama usoni, kwa adabu.

"Madamu, unaweza kunisaidia? Nimepotea kidogo."

Nilimpangusa vumbi la koti. Nikasema, "Nitakusaidia, mzee."

"Lakini usimwambie binti yangu. Anakasirika haraka." Akaikumbatia ile chupa, kama aliyehisi amesema vibaya. "Si mtu mbaya. Kila wiki ananinunulia oili mpya. Mpya kabisa. Watu hawajui moyo wake."

"Sitamwambia," nilisema.

Nikamvua kiatu kilichobaki ili asichechemee, nikamshika mkono hadi kwenye teksi. Nililia njia nzima. Naye alikuwa akinipigapiga mkono polepole, akiniuliza ni nani aliyenikosea.

Nyumbani alilala siku mbili, amechoka. Jumatatu alinijua, Jumanne hakunijua. Wiki ile sikwenda sokoni. Nilikaa nimeapa moyoni kwamba Jumamosi ikifika nitafanya yote upya na sawasawa, bila kitenge cha kuchujia, bila sabuni, bila ujanja.

Niliamka mapema. Nikaitoa mashine stoo hadi kwenye majani, nikaweka beseni, nikampangia spana kwa ukubwa kama anavyopenda. Nikamleta kwenye kiti chake, nikaenda ndani kuchukua chupa niliyoinunua Muhima siku ile, kizibo chake hakijaguswa. Sikumbuki kama nimewahi kumpa mtu kitu kwa moyo safi namna ile.

"Papa, oili hii hapa," nilisema. "Leo ni mpya kweli."

Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza, akatazama maandishi, akatazama mashine pale chini, akanitazama mimi. Nilisimama mbele yake nikisubiri aniulize lini imefanyiwa vidanji. Nilikuwa nimetayarisha jibu, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi jibu lenyewe lilikuwa la kweli.

"Murakoze cyane, madamu," alinishukuru.

Kisha akaniuliza kama ile ya chupani hunywewa baridi au hupashwa moto kwanza.