Mshipa wa Baba

Mjukuu wangu amenivisha saa isiyojua kunyamaza. Chini yake ina taa ya kijani inayomulika ngozi. Asema mwanga unaingia, damu inaumeza kidogo kila inapopita, na saa inatazama kinachorudi. Hapo inajua kati ya pigo na pigo la moyo pamepita muda gani. Ati muda huo haufai kulingana kabisa, kuyumba kidogo ndiyo uzima. Kuyumba ovyo ndiyo balaa. Nikamwambia hayo mimi niliyaona Garsen kabla mama yake hajazaliwa, kwa tochi na unyasi. Akacheka. Na acheke, aliyeugua hakuwa baba yake.

Alikuwa baba yangu. Tulitoka Ndera tukahamia Garsen alipopata kazi ya kuvuta pantoni. Miaka ya hamsini hiyo, daraja hakuna. Magari, ng'ombe na watu walivushwa Tana kwa pantoni, nayo huvutwa na wanaume kwa kamba iliyofungwa ng'ambo hadi ng'ambo. Asubuhi moja baba akaachia kamba, akakaa chini kwenye mbao, midomo imebadilika rangi. Akasema ni jua. Jua gani, na mawingu yametanda? Nilikuwa mwari, posa yangu imeshapokelewa, lakini mdomo sikuwa nimefungwa. Nikaenda mwenyewe kumwita dresa, yule mfunga vidonda wa zahanati, mtu wa bara, Kiswahili chake cha kitabuni.

Akaja, akasalimu vizuri, akaketi mkekani, halafu akaharibu.

"Mzee," akasema, "nataka kukushika mshipa."

Kwetu mshipa una maana yake. Mwanamume mwenye mshipa ni yule aliyevimba kule kusikotajwa mbele ya binti, na binti mwenyewe nimesimama mlangoni. Mama akajifunika uso kwa leso. Baba akainuka, akamwambia dresa atoke nyumbani mwake, kwamba yeye ni mzima, nguo zake na vilivyomo ndani. Majirani wakasikia nusu, na nusu ndiyo iliyotembea: kufika alasiri Garsen nzima yajua mvuta kamba ana mshipa. Nikawawaza wakwe zangu. Yule dresa nilimchukia kwa dhati.

Lakini baba hakupata nafuu. Akipanda ukingo wa mto alikuwa akisimama njiani, ajifanya anatazama maji. Na maji yenyewe yalikuwa yanajaa, mekundu, na mto ukijaa kamba hutaka nguvu maradufu. Mama akanituma nimrudie dresa, nimweleze neno lake kwetu lina maana gani. Nilipomweleza akashika kichwa, maskini, akasema alimaanisha mshipa wa damu, wa mkononi.

Akaja tena, akamwomba baba radhi, na safari hii hakumgusa hata kwa kidole. Akamwomba mama nta ya nyuki, akaifinyanga tonge dogo kama punje ya mtama, akachomeka unyasi mrefu mkavu. Baba akaibandika mwenyewe penye kifundo cha mkono, pale panaporuka chini ya kidole gumba. Dresa akafunga mlango na dirisha, chumba kikawa giza mchana kweupe, akawasha tochi. Kivuli cha unyasi kikaangukia kanzu ya baba ya Ijumaa iliyotundikwa ukutani.

Kivuli kikaruka, kikaruka, kikasimama. Wallahi, kilisimama. Mama akaubana mkono wangu. Kisha kikaruka mara mbili kwa pupa, kama mtu aliyejikwaa, kikaendelea, kikasimama tena. Nilitamani kuusukuma ule unyasi kwa kidole changu.

"Ndiye mimi yule?" baba akauliza.

Dresa akamwambia ndiye. Moyo unaopotea njia hivyo, akasema, ukipewa kamba wakati wa mafuriko waweza kusimama usirudi. Hospitali kubwa iko mbali na barabara imezama; mpaka ifunguke, asivute. Baba akaung'oa unyasi, akasema amesikia. Kusikia alisikia, ila hakusema atafuata.

Haukupita muda, pantoni ikakwama katikati ya mto, imejaa watu na mbuzi, maji yanaisukuma. Wavutaji wa ukingoni wakaita mikono zaidi. Baba akavua shati. Mama akamsihi kwa sauti ya chini, hakusikia. Mimi nikamng'ang'ania kiunoni, akanisukuma. Mikono yake ilikuwa imeshafika kwenye kamba. Hapo mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti mbele ya wanaume, akapanda juu ya tuta.

"Mtoeni huyo," akasema kwa sauti iliyofika ng'ambo. "Ana mshipa."

Ukingo mzima ukageuka, maana mwenye mshipa hapewi kamba. Wapo walioangua kicheko, na wapo wa ukoo wa mchumba wangu walioinamisha macho. Nilitamani ardhi inimeze. Mvutaji mmoja akajaribu kumwondoa baba taratibu, baba akakataa kuondoka. Akamtazama mama, nami nikajua talaka inatoka sasa hivi. Angeweza kukana, akavuta, watu wakaamini. Akakitazama kifundo cha mkono wake. Kisha akaiachia kamba.

"Kweli," akasema, wote wakasikia. "Nina mshipa."

Wengine wakashika mahali pake, na pantoni ikafika. Baba aliitwa mzee wa mshipa tangu siku ile. Wanangu walimkuta na jina hilo, wakamwita hivyo wakiwa wamekaa mapajani pake, na hakuna siku aliyowasahihisha.