Siri ya Jericho Niliyoipeleka Baa

Nimekosa, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilichukua siri ya mwanamke aliyelia mbele yangu nikaifanya kichekesho cha baa. Tena sikuwa nimelewa nilipoanza kuisimulia, kwa hivyo hata pombe siwezi kuisingizia.

Naishi mtaa wa Buruburu, Nairobi. Wakati huo nilikuwa karani wa bima mjini, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, na kila jioni nilipitia baa kabla ya kwenda nyumbani. Mke wangu Wambui alivumilia mpaka siku ya ubatizo wa kitinda mimba wetu, nilipoangukia meza ya keki mbele ya wazazi wake. Hapo akaniambia nichague. Nesi mmoja alikuwa amemweleza kuhusu watu wanaokutana Jumamosi alasiri kusaidiana kuacha pombe, katika chumba kilicho nyuma ya kanisa moja mtaa wa Jericho. Nilikubali ili anyamaze.

Kukipata chumba chenyewe kulinichosha. Niliona haya kuuliza, maana ukiuliza tu umeshajulikana. Nikazunguka kanisa lile kama mwizi, mpaka mama aliyekuwa akifagia uwanja akanitazama usoni, akaninyooshea kidole mlango ulipo. Sikuwa nimemuuliza kitu. Hilo liliniudhi sana.

Ndani nikataka kucheka. Fundi viatu anayetetemeka mikono. Makanga wa matatu aliyefukuzwa kazi. Mzee wa kiwanda cha sabuni, koti limepauka. Watu wa chang'aa! Mimi nilikunywa bia ya chupa, kwa glasi, na watu wenye ofisi. Nilipangusa kiti kwa leso kabla ya kuketi, makusudi, ili wanione.

Mzee wa sabuni ndiye aliyeongoza. Alisema sharti lao ni moja tu: yanayosemwa pale hayatoki nje. Nikaitikia kwa kichwa kama wengine.

Kisha akaongea mama muuza mitumba wa soko la Gikomba. Nitamwita Mama Rosa. Alisema binti yake ana kovu mkono mzima, na mumewe anaamini mtoto alivuta sufuria ya uji mwenyewe. Haikuwa hivyo. Mama alikuwa amelewa mchana, akajikwaa na sufuria mkononi, uji ukammwagikia Rosa. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu yeyote. Alilia mpaka maneno yakakatika, na fundi viatu akamsogezea kikombe chake cha chai.

Na mimi nilikuwa nawaza nini? Kwamba eti nimeletwa huyu anifunze!

Zamu yangu ilipofika nilisema nimemsindikiza rafiki ambaye hakutokea. Hakuna aliyenibishia.

Kutoka pale nilienda baa moja kwa moja. Nikawaigiza wote, mmoja mmoja. Nilipofika kwa Mama Rosa niliiga mpaka kilio chake. Nikasema anauza wapi, nikataja jina la mtoto, nikaeleza kovu. Meza nzima ilicheka. Nilijiona msanii.

Siku zikapita. Kazi nikaipoteza kwa ulevi, na Wambui akachukua watoto akarudi kwao Nyeri. Ikafika mahali siwezi kufunga vifungo vya shati kabla sijaonja kitu. Ndipo nikarudi Jericho, safari hii kwa hiari yangu. Nilikuta kufuli mlangoni.

Mama yule wa kufagia alikuwepo. Akanieleza kwamba wale watu waliacha kuja, kwa sababu kuna mtu aliingia siku moja tu akaenda kuwatangaza. Hakunikumbuka. Nilimuuliza alikuwa mtu wa namna gani.

"Takataka," akasema, akaendelea kufagia.

Nilienda Gikomba kumtafuta Mama Rosa. Nilimkuta akikunja sweta za watoto. Nikamwambia ni mimi niliyesema. Hakuacha kukunja. Alinieleza, bila kupandisha sauti, kwamba siku ile pale baa ndugu wa mumewe alikuwa amekaa meza ya nyuma yetu. Mume alipopata habari aliwapeleka watoto kwa mama yake Busia, na yeye Mama Rosa amekatazwa kukanyaga huko.

Nikamwomba msamaha. Halafu, kwa upumbavu ambao hata sasa siuelewi, nikaongeza kwamba hata hivyo nilichosema kilikuwa kweli.

Hapo ndipo aliponitazama.

"Kweli ilikuwa yangu," akasema. "Ningemwambia baba Rosa mimi mwenyewe. Nilianza na nyinyi ili nizoee kuitamka."

Kisha akaniambia niondoke mbele ya nguo zake, wateja wapite.

Pombe nimeacha. Niliacha peke yangu, nikitapika na kutetemeka katika nyumba tupu, bila mtu wa kunisogezea hata kikombe cha chai, na nilistahili hivyo. Wambui hajarudi. Wala sidhani atarudi.

Wewe unayesoma, ukionyeshwa mlango kama ule, ingia, uketi, usikilize. Lakini ukishajiona bora kuliko walio ndani, tafadhali pita zako. Baa za watu kama wewe zimejaa kila mtaa. Wao walikuwa na chumba kimoja tu.