Kinywa cha Watu Wengine

Kiti kiliburutwa kwenye sakafu ya sementi, kisha mashine ya taipu ikanyamaza katikati ya mstari. Nilikuwa barazani kwenye mahakama ya Homa Bay, upande wa pili wa ukuta. Sikuona kitu, wala sikuhitaji kuona. Karani mkuu alikuwa ameingia tena kwa mpiga taipu, amesimama nyuma yake, mkono begani mwake, akijifanya kusoma alichoandika yule binti.

"Bwana mkubwa anasahihisha," askari wa mahakama akasema, nasi tuliokuwa barazani tukacheka. Mimi pia nilicheka. Ninaliandika hilo sasa hivi, kabla kalamu haijaanza kunipendelea.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Binti alitoka Kosele, mwanamke wa kwanza kuajiriwa katika ofisi ile. Aliipenda kazi yake. Akiachwa peke yake, taipu yake ilikwenda kama mvua ya ziwani juu ya mabati, nasi tulijua kutokana na mlio huo kwamba yu salama.

Mimi nilikuwa mkalimani. Mkalimani hasemi, "Shahidi anasema alianguka." Anasema, "Nilianguka." Shahidi akitukana, mkalimani naye anatukana. Hupunguzi, na huongezi lako. Nilizoea desturi hiyo hata nikatoka nayo nje ya mahakama. Nilijiambia kwamba jambo ambalo sijaulizwa halina nafasi kinywani mwangu.

Kila mwezi tulikwenda Migori kusikiliza kesi. Katika gari la serikali karani mkuu hukaa mbele na dereva, sisi wengine nyuma. Safari moja aliamuru binti akae mbele pia, katikati. Asubuhi, kabla hatujaondoka, binti alinifuata kando ya gari.

"Owadwa," akaniita, kama mtu anavyomwita ndugu yake, "kaa wewe pale mbele. Mimi nitakaa nyuma na masanduku."

"Nitajaribu."

Nikashika mlango wa mbele. Karani mkuu akanitazama kuanzia viatuni.

"Omera," akasema, kama anayemwita rafiki, "tangu lini mdomo ukatangulia kichwa?"

Dereva akacheka. Nikaenda nyuma. Njia nzima niliiona shingo ya binti imekakamaa, na mkono wa karani mkuu ukimwangukia pajani kila gari liliporuka shimo, hata mahali pasipo shimo. Nikageuka nikatazama vilima.

Shahidi wa kwanza Migori alikuwa mama aliyewauzia wachimba dhahabu uji huko Macalder. Mwanamume mmoja alikuwa amemvamia kibandani mwake. Alieleza kwa Dholuo, polepole, nami nikasema kwa Kiswahili:

"Alinishika kiunoni. Nilimwambia aniache."

"Kulikuwa na watu?" hakimu akauliza.

Mama akajibu. Hakimu akainua kichwa.

"Mkalimani?"

"Walikuwepo," nikasema. "Walikuwa wakicheka. Mmoja wao namjua, hunywa uji kwangu kila asubuhi. Nilimwita. Akatazama pembeni."

Binti alikuwa ameketi kando, akisubiri karatasi za kupiga chapa. Hakumtazama mama. Alinitazama mimi.

Mahakama ilipofunga, karani mkuu akamwambia abaki chumba cha nyuma aupige chapa ushahidi ule. "Na mlango ufungwe," akasema, "kuna vumbi." Wenzangu wakaenda kula samaki. Nilifuatana nao hadi barabarani, kisha nikarudi. Niliingia bila kubisha, nikavuta kiti, nikakaa kati yao.

"Umesahau kitu?" karani mkuu akauliza.

"Hapana, jaduong'," nikamjibu, kwa heshima apewayo mzee. "Nimekuja kukaa."

"Kuna cha kutafsiri hapa?"

"Hakuna. Amekwambia hataki, na wewe umeelewa. Sisi sote tumeelewa siku nyingi."

Alisema kazi yangu imekwisha, na kwamba nitakwenda kufukuza mbung'o huko bonde la Lambwe. Nilibaki nimekaa. Hatimaye alichukua kofia yake akatoka, mlango akauacha wazi.

Naona aibu kusema kwamba nilingoja asante. Binti alimaliza mstari wake, akaifunika mashine.

"Mama wa uji amesema mara moja, ukaja," akasema. "Mimi nimesema mara ngapi?"

"Nisamehe, nyaminwa, dada yangu."

"Siku ya kwanza, mtu mmoja angeingia tu akakaa hivi, hata bila kusema neno, ningebaki. Nilitaka kuzeeka katika kazi hii." Aliweka ufunguo wa chumba cha taipu mbele yangu. "Waambie watafute mwingine. Na huyo mwingine, msimngoje alie."

Nilifungua kinywa. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na maneno ya mtu mwingine ya kuazima. Akajitanda leso yake, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake taratibu, kama anayemwacha mgonjwa alale.